Kupe wa Nyuma ya Goti

Jumatatu, 2 Juni

Siku ya kwanza ya majaribio. Nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nimefagia karakana, nimefuta vumbi saa zote kumi na tisa za ukutani, nimenyoa ndevu. Nikajikata kidevu. Mwanzo mzuri.

Niandike mambo yalivyo, maana kichwa changu siku hizi ni chujio. Binti yangu ameanza kazi posta, dirisha la vifurushi. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani haonekani mpaka mwisho wa mwezi. Nani akae na mtoto mchana? Wagombea ni wawili. Mimi, babu mzaa mama, fundi saa, mgane wa miaka mitatu. Na mama yake mkwe wangu, ambaye humu nitamwita Bibi tu. Viti vyake vimevaa vitambaa, na vitambaa vyenyewe vimevaa nailoni. Binti yangu kaamua: wiki hii mtoto akae kwangu, Jumamosi atatoa hukumu. Nikifaulu ni wangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Nikichemsha anakwenda kwa Bibi.

Mtoto ana miaka minne. Jina la cheti analo, lakini sote tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Anaongea akila, anaongea akioga, anaongea na viatu.

Hapa hakuna anayesoma, niseme ukweli. Namtaka sana. Tangu mke wangu afariki, ndani humu zinaongea saa tu, na saa hazina habari mpya.

Sasa mpango. Kwa usafi simwezi Bibi. Kwa vikombe vyenye maua simwezi. Nitamshinda kwa hewa! Saa nne nikampeleka Chiriku nyuma ya karakana, kwenye kiwanja chenye nyasi za kufika magotini, ambapo muuza maziwa hufunga ng'ombe wake na ndama. Nikamkalisha nyasini, mkono begani mwa ndama, jua usoni. Nikapiga picha kumi na saba. Katika kumi na sita kageuka anamhoji ndama. Moja katazama mbele, kacheka meno yote nje. Hiyo nikaituma kwa binti yangu na maneno: Mtoto anapata hewa. Akanijibu kwa mioyo mitatu. Nikaituma na kwa Bibi. Hakujibu kitu. Imemchoma!

Jumanne, 3 Juni

Naandika haraka, mwandiko utakuwa wa kuku. Haidhuru.

Saa tatu asubuhi Chiriku alikuwa kakaa sakafuni, kakunja mguu, kajipinda mzima mzima kutazama nyuma ya goti lake. Akasema, "Babu, kipele changu kina miguu." Nikamjibu bila kuinua macho kwamba vipele havina miguu. Akasema chake kinayo, ameshaihesabu, ni sita, na mmoja unapunga.

Nikavaa lenzi ya jicho, ile ya kutazamia magurudumu ya saa. Heri nisingeivaa. Kupe! Nyuma ya goti la kushoto, kichwa ndani, makalio nje, amejaa kama punje ya mtama. Kwa lenzi yangu alikuwa sawa na ng'ombe aliyemleta.

Nikakaa chini. Wazo langu la kwanza, aibu yangu mwenyewe, lilikuwa Jumamosi. La pili ndilo lilikuwa mtoto.

Zahanati nikaiogopa. Muuguzi wa pale hushona vitambaa pamoja na Bibi. Nikaona bora kinyozi wa mlango wa pili, mtu mwenye jibu la kila kitu kwa vile wateja wake hawawezi kuinuka wakaondoka. Kinyozi akasema jambo dogo sana: mpake kupe mafuta ya mgando, atakosa hewa, atatoka mwenyewe na kuomba radhi. Nikampaka nusu kopo. Tukangoja nusu saa, sisi watatu, tumeinamia goti. Kupe hakutoka. Alichofanya ni kung'aa.

Kinyozi akasema basi kupe huyu ni sugu, dawa yake ni moto, kiberiti karibu na makalio. Nami, mtu mzima na akili zangu, nikawasha kijiti. Chiriku akakitazama kile kijiti, akanitazama na mimi. Hakulia. Akauliza tu kwa upole kama moto utamchoma kupe au utamchoma yeye, maana wako karibu karibu.

Nikakizima. Ningemchoma mtoto kwa ajili ya Jumamosi! Nikamtia begani, nikatoka mguu niponye, karakana wazi, kinyozi anaita nyuma yangu kwamba amekumbuka dawa ya tatu.

Zahanati nilikiona cha mtema kuni. Muuguzi alipoona yale mafuta alinisema mpaka nikatazama viatu. Mafuta na moto humfanya kupe atapike uchafu wake ndani ya kidonda, hivyo ndivyo alivyosema, na mtu wa umri wangu ningeuliza kwanza. Akafuta goti. Akatafuta kibano. Kimoja kinene, cha kushikia pamba. Kingine chembamba lakini ncha zimepishana. Akasimama kidogo, akanitazama kifuani.

"Mzee, na hicho mfukoni ni nini?"

Kibano changu cha saa! Ncha zake zinashika hata unywele. Kimekaa kwenye mfuko wa shati langu miaka ishirini na sita. Kilikuwa hapo nilipopaka mafuta. Kilikuwa hapo nilipowasha kiberiti. Kwenye uso wangu ungeweza kukaanga yai.

Muuguzi akakisafisha kwa spiriti, kisha akanirudishia. Kanieleza atanisimamia lakini mkono uwe wangu, kwa kuwa chombo kinamjua mwenyewe. Nimshike kupe pale pale ngozi inapoanza, nisimbane tumbo. Nivute juu, taratibu, moja kwa moja. Nisizungushe, nisikurupuke.

Mikono hii imefungua saa za kike ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Haijapata kutetemeka. Leo ilitetemeka kama ya mwanafunzi. Chiriku alikuwa amelala kifudifudi juu ya kitanda cha zahanati. Akanyoosha mkono nyuma, akapapasa mpaka akapata sikio langu, akalishika. Akaniambia pole Babu, ni kidogo tu. Yeye ndiye ananituliza mimi! Mkono ukatulia. Nikavuta. Ngozi ikainuka kidogo kama kihema, halafu kupe akaachia. Mzima, na mdomo wake. Chiriku akataka kumwona. Akahesabu miguu, ikawa minane. Akasema miwili imeota njiani.

Muuguzi akaosha mahali pale kwa maji na sabuni, akapaka dawa, akatoa maagizo. Kupe abandikwe kwenye karatasi kwa utepe wa gundi, atunzwe, iandikwe tarehe. Mtoto aangaliwe kwa wiki kadhaa. Homa, upele, uchovu usio wake, chochote, aletwe hapo hapo pamoja na kupe wake. Na mama yake aambiwe leo. Nikasema ndiyo. Akarudia. Nikasema ndiyo, ndiyo. Nikamwomba asimwambie Bibi. Akajibu kwamba habari za wagonjwa haendi nazo kwenye kushona, lakini mimi kumwambia mama mtu si ombi.

Nimerudi karakana nikafanya kazi kifundi. Kila saa inayoingia hapa huwekwa kwenye kikopo chake cha bati na kikaratasi ndani: mwenyewe, tatizo, hali, siku. Nimemfanyia kupe vivyo hivyo. Kikopo safi, kikaratasi safi, mwandiko mzuri. Nikakitia kwenye droo.

Jioni binti yangu amekuja. Nilikuwa nimeshamwogesha mtoto, nimemvisha suruali ndefu. Kafurahi sana, maana imemwondolea kazi. Nilifungua mdomo nimwambie. Kweli nilifungua. Ukatoka mwayo.

Kabla hajafika nilikuwa nimemwambia Chiriku kwamba kupe ni siri yetu wawili. Kaitikia kwa kichwa kwa nguvu zote mpaka ushanga wa nywele ukamgonga pua.

Jumatano, 4 Juni

Adui ameingia saa mbili na nusu, mkoba mkononi. Eti saa yake imesimama. Nimeifungua: betri imewekwa juu chini. Betri haijigeuzi ndani ya saa! Upelelezi mtupu huu. Kwa heshima nikamwambia ni ugonjwa mgumu, arudi kesho. Nikaitia saa yake kwenye kikopo, kikaratasi ndani, droo.

Shida ilikuwa plasta. Leo joto, binti yangu kamleta mtoto na gauni fupi, nami mapema asubuhi nikaibandika plasta nyuma ya goti ili asijikune. Plasta nyeupe, inaonekana kutoka barabarani. Wiki hii Bibi atapita tena na tena, nilijua. Nikafikiri. Plasta moja ni habari. Plasta ishirini ni mchezo! Nikanunua boksi zima na kutangaza mchezo wa hospitali. Bibi alipoingia saa ile mbili na nusu, mwanasesere alikuwa na plasta nne, kiti mbili, saa kubwa ya ukutani moja kwenye saa sita, mimi tatu na kinyozi moja katikati ya paji la uso.

Bibi akasimama mlangoni akitutazama mmoja mmoja. Akamwuliza kinyozi anaumwa nini. Tulishapanga aseme amejigonga mlangoni. Akababaika, akasema ni figo.

Bibi akamgeukia Chiriku, akamwuliza na yeye anaumwa wapi. Chiriku akafungua mdomo. Moyo wangu ukasimama kama saa ya Bibi. Lakini mtoto akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akatikisa kichwa. Bibi akanitazama mimi, akaenda zake.

Nimempa Chiriku sifa tele. Nimemwambia ni hodari. Usiku huu sijui kwa nini sifa zile zinanikera.

Alhamisi, 5 Juni

Mtoto haongei.

Kaletwa saa moja asubuhi, kaingia, kakaa mkekani, kimya. Nikamwuliza kalalaje, kaitikia kwa kichwa. Nikamwuliza anataka uji au mkate, kaonyesha kidole. Nikaangusha kwa makusudi kisanduku cha skrubu, jambo ambalo kwa kawaida lingemfanya ahutubie nusu saa. Kimya. Saa kumi na tisa zikasikika zote.

Uchovu usio wake! Nikampima joto kwa kipimajoto nilichonunua Jumanne. Sawa. Nikampima tena. Sawa. Nikajipima mimi, nikawa nimemzidi yeye. Nikavaa lenzi nikatazama goti: kidoa chekundu, kidogo kuliko jana, hakuna upele, hakuna uvimbe. Ulimi safi. Macho safi. Kwa nini basi? Nikapiga magoti mbele yake, mzee mzima, nikamwuliza anaumwa wapi. Nikamwambia akiniacha hivi nitakufa.

Ndipo akasogea, akaniwekea mdomo sikioni. "Babu, nikiongea kupe atatoka."

Basi. Kumbe hajui namna ya kuyatoa maneno mengine bila lile moja kuponyoka. Tangu jana anayafunga yote. Hata kwa mama yake. Hata kwa viatu. Mtoto wa miaka minne kabeba mzigo wangu, na kaubeba bila kunung'unika kwa kuwa nilimwambia ni hodari.

Nimelia. Nimesema ni vumbi la saa.

Nikamwambia hapa kwangu aseme chochote, hata kupe, hata kwa sauti. Nyumbani aseme habari za ndama. Najua, najua. Lakini zimebaki siku mbili tu!

Mafuriko. Kaongea dakika arobaini bila kumeza mate. Kupe ana babu? Kupe akikosa goti huenda wapi? Mbona kinyozi figo yake iko usoni? Katika furaha ile Bibi akaja kuchukua saa yake. Nikafungua droo kwa bashasha, nikampa kikopo, nikamwambia imepona kabisa, bure, zawadi kutoka kwa mkwe. Akashukuru, akakitia mkobani.

Saa kumi na mbili jioni. Chiriku ameshachukuliwa. Nimefungua droo nitazame kupe, kama ninavyofanya kila jioni. Ndani ya kikopo kuna saa ya kike, mkanda wa kahawia, inatembea vizuri sana.

Nimekwisha.

Ijumaa, 6 Juni

Mpango ulikuwa mzuri, lazima nikiri. Kufika kwa Bibi mapema na Chiriku begani kama mtu anayepita tu. Kudai nimesahau kutia mafuta kidogo kwenye saa. Kuomba kikopo, kugeuka dirishani penye mwanga, kubadilisha. Sekunde tatu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo.

Bibi akatufungulia kabla sijagonga. Kikopo kilikuwa katikati ya meza, juu ya kitambaa cha maua, kifuniko pembeni. Akanikaribisha kitini. Nailoni ikalia chini yangu. Akavaa miwani, akasoma kikaratasi kwa sauti ya mtangazaji.

"Mwenyewe, Chiriku. Ilipokuwa, nyuma ya goti la kushoto. Hali, mzima. Imetolewa Jumanne, saa tano asubuhi."

Nikaanza kueleza kwamba siku hizi kuna vipuri vya aina mpya kutoka nje, vina miguu. Aliniacha nimalize. Hilo ndilo lililoniua. Aliniacha nimalize mpaka mwisho, na hata nilipoishiwa aliningojea kidogo kama nina nyongeza.

Halafu akafanya jambo sijapata kumwona akilifanya. Akapiga magoti sakafuni na kanga yake safi, akamgeuza Chiriku, akatazama nyuma ya goti, akapapasa kwa kidole gumba kote kuzunguka. Akabusu pale. Akabaki ameinama hapo muda, na nikaona mabega yake yanashuka. Alikuwa hajalala yule mama. Usiku kucha na kikopo.

Nikamsubiri aseme amenishinda. Akasema, "Mimi simwambii mama yake. Utamwambia wewe, leo, kabla jua halijazama. Mtoto halali kwako, Babu Chiriku. Analala kwa mama yake."

Wiki nzima nimepanga, nimepiga hesabu za kila pembe, na hilo sikuliona. Homa haichagui kuja saa za kazi.

Binti yangu alifika karakana saa kumi na moja, bado na shati la posta. Nilianza mbali. Nilianza na ng'ombe kwa jumla. Akaniambia nifupishe. Nikafupisha. Nikaweka kikopo mezani.

Hakupaza sauti. Alimvuta mtoto, akatazama goti, akamwekea mkono shingoni, kwapani. Rangi ikamtoka. Akasema, "Baba, jana usiku alikuwa na joto. Nikasema ni uchovu. Nikamfunika blanketi nikalala."

Sijui niliinukaje. Najua tulikuwa barabarani, mimi nimembeba Chiriku, yeye ameshika kikopo kwa mikono miwili. Chiriku alifurahi, akawasalimia watu wote njiani na kuwaambia tunakwenda kumwonyesha kupe. Mimi nilikuwa nikiahidi kila kitu. Nitampa Bibi siku zote tano. Nitampa na saa zote za ukutani. Mtoto tu awe mzima.

Muuguzi alimpima joto, akampima tena, akamkagua kichwani, tumboni, mgongoni, kati ya vidole vya miguu. Akauliza blanketi lilikuwa la namna gani. La sufu, na dirisha lilikuwa limefungwa. Akasema homa hana. Upele hana. Kidonda kinapona vizuri. Joto la jana huenda lilikuwa la blanketi, lakini tuendelee kumwangalia, na safari hii tumwangalie sote. Akamwambia binti yangu kwamba kupe alitoka mzima, hakubaki hata mdomo, na aliyemtoa ni baba yake.

Kurudi tulitembea pole pole, mtoto amelala begani mwangu. Nusu ya njia binti yangu akauchukua mkono wangu ulio huru, akavitazama vidole kama alivyokuwa akivitazama alipokuwa mdogo, nikifungua saa naye kanikalia mapajani. Hakuuachia mpaka nyumbani.

Jumamosi, 7 Juni

Hukumu. Jumatatu mpaka Alhamisi kwa Bibi. Ijumaa kwangu.

Nilisema kupe anaweza kumpata mtoto yeyote. Nilisema huko kwa Bibi kuna paka. Binti yangu akakubali, akasema ni kweli. Akanimiminia chai, akakaa karibu yangu.

"Kupe angemkuta popote, Baba, wala sikulaumu. Lakini mwanangu alirudi kutoka kwako amejifunza kunyamaza."

Ningetaka kuandika hapa kwamba nilijibu vizuri.

Wamekwenda. Nimekaa. Nimezijaza ufunguo saa zinazojazwa ufunguo, nimezifuta zisizohitaji kufutwa. Siku moja kati ya tano. Kinyozi kaja kunipa pole, bado na alama ya plasta usoni, akaniambia ana mpango. Nikamfukuza. Hongera kwangu!

Na hapa, kwa kalamu nyekundu, naandika na kupiga mstari mara mbili: Sitaficha tena jambo lolote linalomhusu mtoto yule. Jambo likitokea litasemwa saa hiyo hiyo, hata kama ni dogo kama punje. Mimi, babu yake, kwa mkono wangu.

Alhamisi, 12 Juni

Wiki imekuwa ndefu. Jumatatu nilitengeneza saa moja. Jumanne nilimtembelea ndama. Jana hata ndama kahamishwa.

Leo saa tisa alasiri mlango ukafunguliwa. Bibi! Kilemba upande, viatu vya ndani miguuni, mtu ambaye hata kwenda kutupa takataka huvaa hereni. Kashika mkono wa Chiriku. Na Chiriku, mama yangu, kwenye paji la uso ana nundu kama limau!

Alipanda kiti. Kile chenye nailoni. Nailoni inateleza. Bibi alikuwa jikoni, kageuka nyuma sekunde moja. Wameshatoka zahanati: muuguzi kamtazama macho, kamtembeza, kamfanya aruke kwa mguu mmoja, kasema yuko salama, wamkande kwa kitambaa baridi, wamwangalie akisinzia kupita kiasi au kutapika, na mama yake aambiwe. Chiriku mwenyewe anaringa. Kanionyesha nundu kutoka pande zote na kunikaribisha niiguse.

Bibi kakaa kwenye kigoda cha wateja. Akaniambia, macho chini, kwamba hakuja kuficha. Kaja kuniomba saa kumi na moja nisimame naye wakati anamwambia binti yangu, maana mimi nimeshapita njia hiyo, najua yalivyo, na peke yake anaogopa.

Nilimhurumia kwa moyo wangu wote. Naapa. Niliona jinsi anavyompenda mtoto yule, na niliona kwamba anampenda kama mimi. Nikamletea maji. Nikafungua mdomo nimwambie ndiyo, mama, tutasimama pamoja, ni dakika mbili ngumu halafu unalala usingizi.

Lakini kofia ilikuwa imetundikwa pale pale msumarini. Ya sufu, ya marehemu mke wangu, inashuka mpaka kwenye nyusi. Na nikawaza: Bibi ana siku nne. Nne! Mtu wa siku nne anaweza kuachia moja bila kuumia. Na nundu si kupe, nundu hupungua yenyewe.

Nikamweleza pole pole. Bibi akakataa. Akasema ni dhambi, akasema ni aibu, akasema mimi sina akili hata ya kuku. Akainuka kwenda. Akamtazama Chiriku, akaitazama saa yake ya mkononi. Akakaa tena. Akauliza kama sina kofia ya rangi ya bluu, itakayokwenda na gauni.

Jumatano ni yangu. Tumeshikana mikono. Bibi yuko nyuma anakamua kitambaa cha baridi, mimi naandika haya haraka, zimebaki dakika kumi na tano. Chiriku yuko mapajani mwangu, kofia imemfunika mpaka puani, ananukia sabuni na jua, na ananiuliza leo tunamficha mama nini. Nimemwambia hatumfichi mtu kitu. Tunangoja tu ipungue.